Antena Ipi Ipande Juu ya Gari

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma za Dharura; meneja wetu wa karakana; madaktari, wauguzi na madereva mliofika; majirani zetu wa gereji ya pili mliokubali kuzima mashine zenu ili tusikilizane; mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Karakana ya Antena na Redio za Magari ya Wagonjwa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumepiga deki tangu jana, lakini harufu ya risasi ya kulehemu imeshaingia ukutani na haitoki kwa sabuni, utuwie radhi. Viti mlivyokalia tumeviazima chumba cha kungojea wagonjwa. Mgonjwa akija akakosa pa kukaa, mmoja wetu atasimama ampishe.

Tunakuomba radhi mapema kwa jambo lingine. Kwa kawaida risala huandikwa na watu waliokwisha kubaliana. Sisi hatujakubaliana. Kamati ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Huyu akisema haraka haraka haina baraka, yule anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na ukiwasikiliza wote wawili wana haki. Mwishowe tuliamua tukueleze yaliyotokea kama yalivyotokea, na pale tusipoelewa tukuambie kwamba hatuelewi. Mimi ninayesoma ni mfunga waya. Nimechaguliwa kwa sababu kila upande unaamini niko upande wake.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa mgeni rasmi, zamani kila gari la wagonjwa lilibeba antena mbili juu ya paa: fupi ya kusemea mjini na ndefu ya kusemea mbali. Ile ndefu ilikuwa inavunjwa na matawi. Dereva akitoka mjini ilimbidi ashuke, abadilishe waya kwa mkono, mvua inamnyeshea, mgonjwa anaugulia ndani. Wengine walikuwa wanasahau kubadilisha, wanafika mbali na antena ya karibu, na hospitali inawasikia kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Mhandisi wetu akasema inawezekana kuwa na antena moja inayojibadilisha yenyewe. Mhandisi huyo tunamwita Mama Pacha tangu alipojifungua, na jina lililo kwenye kitambulisho chake wengi wetu tumelisahau. Anayesimamia upimaji na ufungaji ni mdogo wa mume wake. Yeye humwita Shemeji, nasi karakana nzima tukafuata, sasa ni Shemeji wa kila mtu, hata wa wale wasiooa.

Wazo la Mama Pacha, kwa kulieleza kwa ufupi, ni hili. Unachukua vipande vya shaba, unavipanga juu ya ubao, halafu katikati ya kipande na kipande unaweka swichi ndogo kama punje ya mchele. Swichi hiyo haibonyezwi kwa kidole, inawashwa na umeme. Ikiwaka, vipande viwili vinakuwa kimoja na antena inarefuka. Ikizima, inafupika. Ndani ya gari kuna kisanduku kinachosikiliza mawimbi na kuamua swichi zipi ziwake na zipi zilale.

MAFANIKIO

Antena ya kwanza ilikuwa na swichi chache sana, na ilifanya kazi. Matawi hayakuwa na cha kuvunja, kwa sababu ilikaa bapa juu ya paa kama sahani iliyofunikwa. Madereva waliacha kushuka mvuani. Mheshimiwa, hilo tunalitaja kwa fahari na hakuna anayelibishia.

Palibaki mahali pamoja tu. Nyuma ya machimbo ya mawe kuna bonde refu, na barabara inashuka humo kwa kona baada ya kona. Gari likifika chini, redio inakuwa bubu. Kule wanaishi watu, na wanaugua kama watu wa kwingine.

Siku moja Shemeji alirudi kutoka kupima kule, akaweka vifaa vyake mezani taratibu.

"Kimya?" Mama Pacha akamuuliza.

"Kimya kama kaburi. Lakini kwingine kote inaimba. Mimi nasema tuishie hapa, shemeji. Kizuri hakikosi ila."

"Hiyo ila ni kijiji kizima, shemeji."

"Najua. Sasa utafanyaje?"

"Nitaongeza swichi. Zikiwa nyingi, antena inaweza hata kuelekeza sikio lake upande mmoja. Itasikia juu ya ukingo wa bonde."

"Na kila swichi inakula kidogo kwenye mawimbi. Unajua hilo kuliko mimi. Ukiweka nyingi, zitakula mpaka mezani pasibaki kitu."

"Nitazipima moja moja."

"Na siku zikigoma, nani atajua iliyogoma ni ipi?"

Mama Pacha hakulijibu hilo. Alivuta kiti, akaanza kuchora.

Tuliokuwepo tulicheka, kwa sababu tulizoea kuwasikia wakivutana hivyo na kisha kwenda kula pamoja. Leo tunajiuliza kwa nini tulicheka.

Aliongeza swichi, tukafunga waya za kuziwasha. Waya hizo nazo zikaanza kunasa mawimbi utadhani zimealikwa. Tukaweka vizuizi vya kuzituliza, vizuizi vikahitaji nafasi, ubao ukakua. Kisanduku kilichokuwa na machaguo machache ya kujaribu kikawa na machaguo mengi mno, maana kila swichi mpya ilizidisha yale yaliyokuwepo mara mbili. Kwenye meza ya kupimia antena ile ilikuwa maajabu. Shemeji mwenyewe alitazama vipimo, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Sina la kusema," akasema. Kisha akaongeza, "Ila siipendi."

"Huipendi kwa nini?"

"Sijui. Ingekuwa najua ningekuambia."

JAMBO TUSILOJUA PA KULIWEKA

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapa ndipo kamati iligawanyika. Baadhi walitaka tukio hili liandikwe chini ya mafanikio. Wengine walitaka liende chini ya changamoto, na mmoja alitaka lisiandikwe kabisa. Tumelipa kichwa chake peke yake.

Antena yenye swichi nyingi ilifungwa kwenye gari moja kwa majaribio. Mama Pacha aliomba gari hilo lisibebe mgonjwa mpaka amalize kupima barabarani. Jibu lililotufikia lilisema magari ni machache na hakuna la kukaa bure. Hatumlaumu aliyejibu hivyo. Magari kweli ni machache.

Mchana mmoja wakaitwa bondeni. Dereva alikuwa yule tunayemwita Kobe, na ukipanda gari lake utaelewa kwamba jina hilo ni utani. Nyuma alikaa muuguzi ambaye sote tunamwita Sista, na amekaa nasi hapa mstari wa pili. Walimchukua mama mjamzito ambaye uchungu wake ulikuwa umekwenda mrama, damu inatoka. Mume wake, fundi mwashi, alipanda naye, mikono bado ina saruji.

Wakashika njia ya kurudi hospitali. Njia hiyo hushuka kwanza mpaka chini kabisa kabla ya kupanda upande wa pili. Sista alikuwa na sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akataka kumuuliza daktari kama ampe. Akaita kwa redio.

Sasa, Mheshimiwa, kwenye kona zile kila gari linapogeuka mawimbi nayo yanaingia kwa upande mwingine. Kisanduku kilifanya kile kilichofundishwa. Kiliona hali imebadilika, kikaanza kutafuta chaguo bora zaidi, na kila kilipojaribu chaguo jipya sauti ilikatika kidogo. Kabla hakijatulia, kona nyingine. Kikaanza upya.

Daktari alisema, "Usimpe mpaka mtoto atoke."

Sista akasikia, "…mpe … mtoto atoke."

Tunakuomba ulisikilize tena hilo polepole, kwa sababu sisi tumelisikiliza mara nyingi na bado linatutia baridi. Yaliyokatika yalikuwa vipande viwili vidogo. Kilichobaki kilikuwa Kiswahili kamili, kimenyooka, na kilikuwa amri ambayo ingeweza kumuua mama na mtoto.

Sista alishaichukua sindano. Ametuambia kwamba hajui kilichomzuia. Hakuhisi kosa lolote katika maneno. Alihisi tu kwamba daktari yule huwa mtu wa maneno mengi, na safari hii alikuwa amesema machache.

"Kobe, simama," akasema.

"Hapa? Hapa ni chini kabisa, hapa redio haijawahi kusikia."

"Simama."

Kobe akasimama. Mwashi akauliza kuna nini. Gari likiwa limetulia, kisanduku nacho kikatulia, kikapata chaguo lake, na daktari akaingia kwa sauti safi ambayo Kobe anasema hajawahi kuisikia hata akiwa ameegesha mlangoni mwa hospitali.

"Sista, unanipata? Nimesema usimpe. Usimpe mpaka mtoto atoke. Mlaze ubavu wa kushoto."

Walikuwa mahali ambapo hakuna antena yetu nyingine iliyowahi kusikia neno. Daktari alikaa naye redioni mpaka mtoto akatoka, humohumo garini, na ndipo sindano ikachomwa. Mama yu hai na mtoto, wa kike, yu hai.

Baada ya muda yule mwashi alikuja hapa karakana, amevaa shati la kutokea. Alisimama mlangoni, akauliza, "Nyinyi ndio wa ile antena?"

Shemeji akasema ndio sisi, akampa kiti. Hakukaa.

"Sista kanieleza yote. Nimekuja tangu nyumbani nawaza nitasema nini nikifika. Niwashukuru au niwalaumu?"

Mama Pacha alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono, anakikunja, anakikunjua.

"Nionyesheni, basi," mwashi akasema. Tukamwonyesha. Aliitazama kwa muda, akaigusa pembeni kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ina moto. "Mke wangu akishika mimba tena, gari litakuja na ipi?"

Swali hilo, Mheshimiwa, ndilo hasa risala yetu. Hatukumjibu siku ile na leo pia hatuna jibu.

CHANGAMOTO

Baada ya tukio hilo makao makuu yalimtaka Mama Pacha akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Mambo hayajaeleweka. Yeye ndiye aliyekuwa anayaelewa zaidi yetu, na kumweka mbali nayo hakujayasogeza.

Shemeji aliagizwa atengeneze antena nyepesi isiyo na mambo mengi. Ameitengeneza, na ni nzuri. Ina swichi chache, haihangaiki, kwenye kona zote inasema neno zima tangu mwanzo mpaka mwisho. Angekuwa Sista nayo siku ile, angesikia "usimpe" kikamilifu pale juu kwenye kona. Lakini mtoto alizaliwa kule chini, na kule chini antena hii ni bubu. Shemeji ameshuka nayo bondeni mara nyingi, kila mara anarudi na uso uleule.

Aliporudi mara ya mwisho tulimpongeza kwa kuwa hoja yake imeshinda. Alituambia, "Mimi sikutaka kushinda. Nilitaka anijibu." Jumapili hukwepa kwenda kwa kaka yake, kwa sababu wale pacha humkimbilia getini wakiuliza, "Baba mdogo, mama anarudi kazini lini?"

Tulijaribu pia kuipunguza ile yenye swichi nyingi bila mwenyewe kuwepo. Tulizima swichi moja, ikawa bora kuliko awali. Tukafurahi. Tukazima ya pili, ikaharibika. Tukaziwasha zote mbili turudi tulipotoka, na haikurudi tulipotoka. Tumegundua kwamba nusu ya swichi zile hazichangii kitu kikubwa, ila hatujui ni nusu ipi. Kila mmoja wetu ana nusu yake.

Sista alipendekeza kiwekwe kitufe: akikishika, antena isibadilike mpaka amalize kuongea. Tulilipenda wazo hilo kwa siku nzima. Kisha Shemeji akauliza, "Na ikishikwa ikiwa kwenye chaguo baya? Si atakuwa amejifungia gizani?" Sista akasema, "Basi niwekeeni na taa inionye nikiwa gizani." Mwingine akasema taa nayo inataka waya, na waya ndizo zilizotusumbua. Tukatazamana. Tulikuwa tumeanza kupunguza, na hapo hapo tulikuwa tumeongeza kitufe, taa na waya mbili.

Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Ukiondoa kitu, watu wa bondeni wanakosa sauti. Ukiongeza, watu wa kwenye kona wanakatikiwa. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, lakini hawakutuambia la kufanya ikiwa kila moja lina mtu ndani yake.

MAOMBI

Tunaomba Mama Pacha arudi. Hatusemi hakukosea. Hatusemi alikosea. Tunasema kwamba siku ile alifanya vibaya na vizuri kwa wakati mmoja, kwa kifaa kilekile, na sheria za kazi zina kifungu cha anayefanya vibaya na kifungu cha anayefanya vizuri. Hazina cha huyu.

Tunaomba yeye na Shemeji wapewe gari moja lisilo na mgonjwa, waende bondeni na antena zote mbili, wabishane humo humo barabarani kama walivyokuwa wakibishana mezani. Tulikuwa na watu wawili: mmoja wa kuongeza na mmoja wa kupunguza. Tukamwondoa mmoja, tukamwagiza aliyebaki afanye kazi ya wote. Hatujui kama wakiwa pamoja watapata jibu. Tunajua kwamba akiwa mmoja tu, halijapatikana.

Na ombi la mwisho ndilo lililotufanya tuchaguane nani asome. Kwenye ratiba uliyopewa imeandikwa kwamba baada ya risala utakata utepe na kuzindua antena nyepesi, ili kesho ianze kufungwa kwenye magari yote. Utepe uko pale, mkasi uko kwenye sahani. Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa heshima zote tunakuomba usikate. Tunajua umetoka mbali. Tunajua wapiga picha wanangoja. Shemeji mwenyewe, ambaye antena hiyo ni kazi ya mikono yake, ametuagiza tuseme kwamba ombi hili ni lake kwanza.

Ukiuliza, "Nisipokata hii, nizindue nini?" jibu letu ni kwamba hatujui, na tumeona ni afadhali kulisema hilo mbele yako leo kuliko kulisema mbele ya mtu mwingine mwenye saruji mikononi.

MWISHO WA RISALA

Mheshimiwa, limebaki moja ambalo halikuwemo kwenye nakala iliyopelekwa ofisini kwako, kwa kuwa limetokea leo asubuhi. Mama Pacha amekuja. Hakuitwa na uongozi, ameitwa na sisi. Haruhusiwi kuingia eneo la kazi, kwa hiyo hakuingia. Amekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mlinzi, amevaa gauni la kijani. Gari lako lilipokuwa linaingia alisimama kwa adabu, nawe ukampungia mkono.

Tunaomba tu umwite.

Mungu akulinde njiani uendako na urudiko, awape afya walio nyumbani kwako, na siku ukiita kutoka mahali popote, akujalie usikike neno zima.

Tunaomba kuwasilisha. Ni sisi, wafunga waya, walehemu, wapimaji, madereva na wauguzi wa magari,
Wafanyakazi wa Karakana ya Antena na Redio za Magari ya Wagonjwa.